Majuma ya Kutazama Sakafu

Kama umetoka hospitali leo na umeambiwa ulale kifudifudi, uso chini, mchana na usiku, ili jicho lako lipone, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Mambo ya ndani ya jicho wenyewe watakueleza, tena watakuonyesha na picha. Mimi nitakwambia yale ambayo hakuna aliyeniambia: kwamba shingo itakuuma kuliko jicho, kwamba utawatambua watu kwa viatu vyao, na kwamba huko chini kuna mengi ya kuona kuliko unavyodhani.

Naitwa Zawadi. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na katika miaka ninayoisimulia, katikati ya muongo uliopita, nilikuwa nikiishi ng'ambo ya bahari, katika mji wa Louisville, na mume wangu Espoir. Sote tulifanya kazi kwenye maghala ya upande wa Okolona, yeye akipakia malori, mimi nikipanga viatu kwenye maboksi. Siku za mapumziko nilichora. Mwalimu mmoja kambini alikuwa amenifundisha namna ya kuonyesha umbali: njia unaianza pana hapa chini, unaimaliza nyembamba kule juu, milima unaifanya hafifu kadiri inavyokwenda mbali. Basi nikawa nachora ziwa, milima na njia. Watu wa kanisani walizipenda picha hizo na kuzitundika sebuleni. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kuzichoka. Mkono ulizijua kabla yangu.

Ilianza wakati majani ya miti yanageuka rangi. Niliona vidoa vyeusi vikielea mbele yangu kama wadudu wadogo, nikavipungia mkono kuvifukuza. Kisha mwanga ukawa unanipiga pembeni mwa jicho la kulia, kama radi isiyo na sauti. Nikadhani ni uchovu. Asubuhi moja ya Jumamosi niliamka nikakuta kivuli kimesimama upande wa pua, kama mtu aliyevuta pazia hadi nusu ya dirisha.

Sikuogopa mara moja. Nilitaka kuliona vizuri hilo pazia. Nilifumba jicho la kushoto, nikafumbua, nikafumba tena. Ukingo wake haukuwa umenyooka, ulikuwa umevimba katikati na ulitikisika nilipogeuza jicho. Nikachukua penseli nikaanza kuuchora. Espoir alinikuta hapo mezani.

"Unachora nini?"

"Pazia. Iko ndani ya jicho langu."

Alinitazama kidogo, akaenda kuchukua funguo za gari. "Zawadi, vaa viatu."

Chumba cha kusubiri cha watu wa macho si kama vyumba vingine. Kila mtu ametiwa matone ya kupanua mboni, kwa hiyo hakuna anayeweza kusoma gazeti wala kutazama simu. Wote wamekaa wakitazama mbele tu kama watu waliosahau walichotaka kusema. Televisheni inasema peke yake ukutani. Tulikaa hapo mpaka nikayajua mazulia yake yote. Baadaye daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alinimulika jicho kwa muda mrefu, kisha akaniletea mkalimani kwenye simu. Kwa lafudhi nilijua ni Mkenya.

"Mama, anasema kuna utando nyuma ya jicho, ndani kabisa, ndio unaopokea picha," alisema mkalimani. "Sasa huo umebanduka. Ni kama karatasi ya ukutani ikipata unyevu. Anataka kuurudisha ushike tena. Na anasema tusingoje."

Nilielewa palepale. Karatasi na kubanduka ni mambo ninayoyajua.

Walinipasua siku iliyofuata. Ndani ya jicho walitia kiputo cha gesi ili kiusukume ule utando ushike mahali pake. Gesi hupanda juu, na nyuma ya jicho ndiko kulikotakiwa kuwe juu. Kwa hiyo uso wangu ulipaswa kutazama chini. Walinifunga utepe wa kijani mkononi unaokataza nisipande ndege, wakamwonyesha Espoir kiti cha kukodi chenye tundu la kutia uso, tukarudi nyumbani.

Siku za mwanzo sizitamani. Uso ulivimba mpaka sikujitambua nilipojigusa. Mate yalichuruzika. Viwiko viliota sugu. Nilikunywa uji kwa mrija kama mtoto, na chakula kilikuja kwenye sahani iliyowekwa chini ya kiti, juu ya kigoda. Nilipewa dakika chache tu za kuinuka kila saa, na niliishia kuzitumia chooni. Espoir aliniosha nywele nikiwa nimeinamia beseni la kuogea. Yule mwanamume ambaye hakuwa amewahi kushika kichwa changu kwa sabuni alinisugua taratibu mno, kama anaosha yai. Hilo nalihesabu katika rehema ndogo za ugonjwa ule.

Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea. Walisimama wamenizunguka, nami nikaona viatu tu: vya raba vya kazini, kandambili juu ya soksi nene, vya ngozi nyeusi vilivyong'arishwa kwa ajili ya mgonjwa. Mmoja alibaki wenzake walipoondoka. Alivua viatu, akakaa, akaanza kunieleza mambo ya ndoa yake ambayo najua hajapata kumwambia mtu. Nadhani ni kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilimjibu nikitazama vidole vya miguu yake, alivyokuwa akivikunja kila alipofika mahali pagumu.

Ndipo nilipoanza kuitazama sakafu yetu kwa makini. Ilikuwa ya plastiki ya kijivu, yenye michoro ya kuiga mbao. Kwa jicho langu moja zima niliona mahali ilipochubuka, mahali meza ilipokuwa kabla hatujaihamisha, na alama ya chuma cha pasi ya wapangaji waliotutangulia. Nikajiuliza ni sakafu ngapi nimewahi kuziona kwa ukaribu namna ile. Ya kambini ilikuwa udongo tuliousiliba kila Jumamosi. Na ya Uvira, nyumbani kwetu, ilikuwa simenti nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, baridi, yenye ufa uliopinda ambao siafu walipita ndani yake. Uvira nilitoka mdogo sana. Sura ya ile nyumba siikumbuki, wala mti uani, wala rangi ya mlango. Lakini ile simenti niliikumbuka kama nilivyoikumbuka asubuhi ya jana.

Nilimwomba Espoir aniletee maboksi matupu ya kazini. Kuchora kwa rangi sikuweza, rangi zingemwagika. Lakini nikiwa nimelala, kadibodi ikiwa chini ya uso wangu, mikono yangu ilikuwa huru. Nilichana matangazo ya duka la vyakula, ratiba za ibada, vipande vya kitenge, nikavibandika kwa gundi nyeupe. Sikuwa najua nafanya nini. Nilitaka tu kuona kama naweza kuifanya ile sakafu nyekundu.

Mama yangu alikuwa mji wa Buffalo, mbali kaskazini, akiishi na mdogo wangu Dieudonné mtaa wa Riverside. Alipiga simu kila siku, na kila siku alisema neno lilelile. "Kuja huku, binti yangu. Mi nikuchunge. Bwana yako anatumika kazi, nani anakuangalia?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Espoir alisikia. Alingoja niikate.

"Mama yako anafikiri mi nashindwa kuchunga bibi yangu?"

"Hajasema vile."

"Amesema. Bon, kama unataka kwenda, enda."

"Siko nasema nataka kwenda!"

"Na hauko unasema hautaki."

Alitoka akafunga mlango kwa nguvu. Nilibaki nikitazama chini, maana hata hasira yenyewe sikuruhusiwa kuinua kichwa kwa ajili yake. Kama unamuuguza mtu, jua kwamba maneno ya ndugu wa mbali hukata. Na kama unaugua, jua kwamba anayekuogesha naye anachoka, na hana mtu wa kumpa pole.

Kiputo kikaanza kupungua. Hilo litakushangaza likikufika. Juu kulianza kuwa wazi, na chini yake kukawa na mstari unaotikisika, kama maji ndani ya beseni lililobebwa. Niliinamisha kichwa upande huu, mstari ukakaa sawa. Nikainamisha upande ule, ukakaa sawa. Nilicheza nao siku nzima. Jioni nilimwita Espoir nimweleze, na alisahau kwamba tumegombana, akakaa kunisikiliza.

Kisha, theluji ya kwanza ilipoanguka, pazia likarudi.

Daktari wa Louisville alisema kovu limeota ndani na limeuvuta tena ule utando. Alitutuma mji wa Columbus, kwa daktari mwenzake aliyezoea macho ya namna hiyo. Espoir hakuwa na likizo iliyobaki. Kule Columbus nilikuwa na rafiki, Rehema, Mtanzania aliyekuwa akisoma shahada ya udaktari wa falsafa. Alikuja Louisville mwaka mmoja kabla kuwahoji wanawake wa Kikongo kwa ajili ya masomo yake, akaondoka akiwa ndugu. Aliishi mtaa wa Clintonville, katika nyumba ndogo iliyojaa vitabu na harufu ya iliki.

"Dada Zawadi, usiulize mara mbili," aliniambia kwenye simu. "Chumba kipo. Mwambie shemeji akulete."

Safari hii walitia mafuta maalumu badala ya gesi. Mafuta hayapungui yenyewe, hukaa miezi mpaka wayatoe. Kulala kifudifudi kulikuwa kwa siku chache tu. Lakini jicho la kulia sasa liliona ukungu mtupu, na hapo nikajua kitu ambacho sikukijua nilipokuwa nimeinama: ukibaki na jicho moja, umbali unaondoka.

Nilitambua mezani. Rehema alikuwa akiswali chumbani, nikasema nimwandalie chai. Nikainua birika, nikamimina vizuri kabisa juu ya kitambaa cha meza. Kikombe kilikuwa mbele zaidi. Nilimimina tena, nikapitiliza. Rehema alitoka akanikuta nimesimama, chai inadondoka sakafuni.

"Dada, kikombe kiko huku," alisema taratibu.

Tukacheka. Halafu mimi nikalia, naye akanishika, hakusema kwamba nitapona. Nilimshukuru kwa hilo.

"Ziwa sitaweza kulichora tena," nilimwambia. "Umbali ndiyo kazi yangu, Rehema. Sasa kila kitu kiko bapa kama karatasi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na mimi? Nimesimama mbele ya kabati au nyuma yake?"

"Mbele."

"Umejuaje?"

Nikatazama. Nilijua kwa sababu bega lake lilificha mpini wa kabati. Swali lile halikuniacha. Kwa siku kadhaa nilikaa na vikombe, vitabu, machungwa, nikivipanga na kuvitazama kwa jicho moja. Kitu kikifunika sehemu ya kingine, nilijua kipi kiko karibu. Kisipofunika, nilipotea. Umbali haukuwa umeondoka wote. Ulikuwa umebaki pale vitu vinapofunikana.

Nikarudi kwenye ile kadibodi, niliyokuja nayo Columbus. Nikaacha habari ya njia inayokwenda ikipungua. Nikaweka kitu juu ya kitu. Rehema alikuwa na karatasi ya kuokea mikate, ile inayopitisha mwanga. Niliibandika juu ya sakafu ya kambi, na sakafu ya kambi ikarudi nyuma kama kitu cha zamani, ikionekana kwa shida. Juu yake nikaweka ile ya kijivu ya Louisville. Halafu nikachana, nikabandua, nikaacha kingo zilizoraruka ili cha chini kichungulie. Niligusa zaidi kuliko nilivyotazama. Vidole vilinieleza kipi kiko juu kwa unene wake. Na chini kabisa, nikiifikia kwa kuchimba kona moja ya picha, ilikuwepo simenti nyekundu na ufa wake.

Mafuta yalitolewa majira ya kuchipua. Espoir alipata ruhusa akaja. Kesho yake daktari alinifunika jicho zima la kushoto, akasimama mbele yangu akanyoosha mkono.

"Unaona nini?"

Nilimwona. Niliona mkono, nikaona rangi ya shati lake, bluu ya kuiva. Vidole sikuweza kuvihesabu. Mlango nyuma yake ulikuwa umepinda kiunoni kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Yeye alifurahi sana, kwa sababu alitarajia nitaona kidogo kuliko hivyo. Nilimuuliza kama mlango utanyooka. Alisema huenda usinyooke.

Njiani kurudi Louisville, Espoir ndiye aliyeendesha. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema, "Mi niliogopa ukienda Buffalo hautarudia."

"Kwa nini nisirudi?"

"Kule uko na mama. Huku uko na mi tu, na sahani chini ya kiti."

Nilimwambia kwamba ile sahani haikuwahi kuchelewa hata siku moja. Alikohoa, akawasha redio, akaizima. Wakati wa joto, yeye ndiye aliyesema, "Twende tuone mama yako."

Tulikwenda kwa gari, tukalala kwa Rehema, kesho yake tukaingia Buffalo picha ikiwa juu ya gari imefungwa blanketi. Nyumba za Riverside ni za kawaida, zina vibaraza vya mbao, na mwisho wa barabara kuna mto mpana wa Niagara na Kanada ng'ambo yake. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaligeuza jicho langu kwenye mwanga kama anayekagua nyanya sokoni. Kisha akamgeukia Espoir. "Aksanti, mukwe," alisema. Espoir akainamisha kichwa.

Baada ya chakula Dieudonné aliegemeza picha kwenye kochi. Mama aliisogelea.

"Hii ni nini?"

"Ni chini, mama. Sakafu za nyumba zetu. Hii ya Louisville, hii ya kambini, na huku ndani ni Uvira. Simenti nyekundu ya kwetu."

Mama akacheka. "Nyumba gani ya simenti? Sisi tulikuwaka na udongo. Baba yako kila mwaka anasema ataweka simenti, mpaka vita ikakuja."

"Lakini mi naikumbuka, mama. Ilikuwa baridi. Na huu ufa…"

Aliacha kucheka. Akapiga magoti mbele ya kochi na kuweka kidole juu ya ufa, akaufuata mpaka mwisho wake.

"Huu ulikuwa karibu na mlango," alisema. "Wewe umeuweka mbali. Hii si kwetu. Hii ni dispensaire, hospitali ndogo ya masista."

Mama alibaki pale chini.

"Ulikuwa na surua. Ulikuwa hata haujafika miaka ine. Moto ya mwili, macho imejifunga na usaha. Vitanda vilijaa, wakakulaza chini. Sista akasema ni vizuri, simenti itakupoza."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alimwonyesha Dieudonné kwa midomo. "Nilikuwa na huyu mugongoni. Alikuwa amezaliwa juzi. Wakanikataza kuingia, surua itamukamata. Nikakaa inje, pa mlango, nakuita. Zawadi, Zawadi. Ulikuwa hauitike."

"Donc, kumbe ni mi nilimuzuia mama," Dieudonné alisema, akijaribu kucheka.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza mama.

"Ulipona. Ulifungua macho ukaomba ndizi. Ningekuambia nini?"

Nilikaa karibu naye sakafuni. Nilikuwa na maswali mengi. Niliuonaje ule ufa kama macho yalikuwa yamefungwa? Jicho gani lilitangulia kufunguka? Mama hakukumbuka. Nilijaribu kuiondoa ile nyumba ambayo nilikuwa nimeibeba miaka yote, na kuweka udongo mahali pake, nikashindwa. Ilinibidi niziache zote mbili. Nilimwomba Dieudonné mfuko wa karatasi ya kahawia, nikauchana, nikabandika udongo wa nyumba yetu ya kweli juu ya nusu ya ile simenti, nikaacha ukingo wake bila kuunyoosha. Ufa sikuuhamisha.

Mama alitazama mikono yangu ikifanya kazi. Ni yule yule mama ambaye kambini alinifokea nikichora badala ya kuchota maji.

"Na mi utanitia wapi?" aliuliza.

"Chagua mwenyewe, mama."

Alikwenda chumbani, akarudi na kipande cha kitenge chake cha kijani, kilichobaki fundi aliposhona. Nilimpa gundi. Aliipaka nyingi mno, ikamchuruzika kwenye vidole. Nilidhani atakiweka pembeni, upande wa mlango. Alikipitisha mlango, akakishusha katikati ya simenti nyekundu, pale ambapo kichwa changu kingekuwa.

"Si umesema ulikuwa inje, mama?"

"Siku ile," alisema, akikibonyeza kwa kiganja ili kishike. "Leo nani atanikataza?"